Mtu wa Ukutani na Fimbo Yake

Watu huniuliza kwa nini wanaume wote ninaowachora wamewapa mgongo. Huniuliza kwa upole, kama mtu anayejulia hali ya mgonjwa, na mimi huanza kukereka hata kabla hawajamaliza. Mmoja wao, kijana aliyesomea Nairobi, alisimama mbele ya picha zangu akatikisa kichwa, akasema hapo pana falsafa, kwamba namwonyesha mwanamume wa Garissa akiugeuzia ulimwengu kisogo. Nikamwambia anywe chai yake, inapoa. Hapana falsafa hapo. Pana ukuta wa hoteli, maalim mmoja, afande mmoja, abti wangu asiyeweza kutamka ve, na baba yangu.

Hoteli kwetu ni neno kubwa kwa kitu kidogo. Hii ilikuwa ya abti, kaka wa mama yangu: chumba kimoja cha udongo kilichopakwa chokaa, mabenchi machache na birika lililoungua tako, kando ya njia iendayo soko la mifugo. Ilikuwa miaka ya vita, vile ambavyo serikali iliviita vya shifta na sisi hatukuviita chochote kwa sauti. Kulikuwa na kafyu, kulikuwa na vizuizi vya askari kila upande wa mji, na soko lenyewe lilikuwa limekonda. Wateja wachache waliobaki walianza kuvuka njia na kwenda kwa jirani, kwa sababu jirani alikuwa amechorewa ngamia ukutani. Ngamia mbaya, naweza kuapa, mwenye shingo ya mbuni. Lakini watu walimpenda.

"Ngamia ana nini?" abti akasema. "Mimi nitaweka mwenye ngamia. Nichoree mwanamume."

Kazi hiyo iliniangukia mimi kwa kuwa katika ukoo mzima ni mimi tu niliyejua kushika brashi. Nilikuwa nimefanya kazi kwa fundi aliyeandika majina kwenye milango ya malori, na vikopo vya rangi vilivyobaki nilikuwa navyo. Nikakubali upesi. Sikumwambia abti kwamba mwanamume wa kumchora nilikuwa naye tayari kichwani.

Mwanamume huyo alikuwa baba. Alikuwa ameletwa mjini mwaka huohuo bila kupenda, wakati watu wa malishoni walipokusanywa na kuwekwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa miiba na askari. Ngamia wake walichukuliwa kwa muda, ndivyo alivyoambiwa, na hilo "kwa muda" ndilo lililokuwa neno la mwisho kulisikia kuhusu ngamia wale. Siku walipoondolewa nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kumchukua. Alisimama kama wachungaji wanavyosimama ngamia wanapokunywa maji: fimbo imelala mabegani nyuma ya shingo, viganja vimening'inia juu yake huku na huku, uzito wote mguu wa kulia, wa kushoto unapumzika. Alikuwa akilia. Machozi yalishuka hadi kwenye ndevu na hakuyafuta, maana angeyafuta ingembidi aiachie fimbo.

Sikuwa nimewahi kumwona mwanamume wa kwetu akilia. Nilidhani nitaogopa au nitaona aibu. Badala yake nilimpenda kuliko siku yoyote.

Basi nikachukua kipande cha mkaa nikaanza. Nikamchora uso kwa uso, na fimbo yake, na chini ya kila jicho nikaweka mstari mwembamba. Nikarudi nyuma kutazama. Kisha, kwa mkono wa shati langu mwenyewe, nikaifuta ile mistari miwili. Nisikilizeni vizuri hapo, kwa sababu ndipo panaponitia kichaa. Hakuna aliyeniamuru. Afande alikuwa hajafika, maalim alikuwa hajafika, abti alikuwa jikoni anapigana na kuni mbichi. Nilikuwa peke yangu na ukuta, na bado niliwasikia wote wakisema, mwanamume gani huyo analia hadharani mbele ya watu wanaokunywa chai? Nikawatii kabla hawajafungua kinywa.

Maalim ndiye aliyekuja kwanza. Alikuwa mzee mpole, chuo chake kilikuwa nyuma ya hoteli, na alinisomesha mimi mwenyewe alif na be. Aliutazama uso niliouchora, akashika ndevu zake.

"Mwanangu," akasema, "kesho Akhera utaambiwa umtie huyu roho. Utaweza?"

"Sitaweza, maalim."

"Basi mwondolee macho."

Mtu asiye na macho ni kitisho, hata kwa wateja wa hoteli ya abti. Nikafikiri, kisha nikamgeuza. Nikamfuta wote nikamchora upya akiwa ametupa mgongo: kisogo, mabega, fimbo, mikono, miguu. Maalim aliporudi akasema mashaallah, hapo sasa ni nguo na fimbo tu. Na mimi nilifurahi. Nilifurahi sana, kwa sababu mtu aliyegeuka hakuna anayekuuliza kama analia.

Baada ya maalim ikawa zamu ya kila mwenye koo. Abti alisema miguu ni myembamba mno, wateja watadhani hapa hapana chakula, nikanenepesha mashavu ya miguu hadi yakafanana na ya mbeba magunia. Mteja mmoja akasema nywele ni nyingi, na kweli siku zile kijana mwenye nywele nyingi na kichana cha mti kichwani alikuwa akikamatwa kwa nywele tu, nikamfunga mtu wangu kilemba. Mwingine akasema mabega yamelegea, mwanamume hulegea mabega? Nikayapandisha. Mwingine akataka jambia. Nikamwuliza kama anataka sote tulale korokoroni. Nawaambia, sijapata kuona watu wanaojua mwanamume anavyopaswa kuonekana kama wale waliokuwa wakikaa pale mchana kutwa wakichezea vikombe vitupu.

Hata hivyo, nilipomaliza kupaka rangi, baba alisalimika ndani ya yote hayo. Kilemba si chake, miguu si yake, lakini ile fimbo na ile mikono iliyoning'inia ilikuwa yake, na ule mguu wa kushoto pia. Yeye mwenyewe alikuja asubuhi, akasimama mbele ya ukuta. Ni lazima niseme kwamba tangu aletwe mjini baba alikuwa hazungumzi. Alijibu salamu, alisema amina, basi. Kila siku alikuja hotelini akaketi juu ya jiwe nje, akatazama njia. Mama alikuwa amekwisha kukata tamaa ya kumsemesha.

"Huyu anaupumzisha mguu wa kushoto," baba akasema.

"Ndiyo, aabo."

"Ngamia wako wapi?"

"Wako mbele yake. Hatuwaoni kwa sababu ametuzibia."

"Haye," akasema, na akaligeuza lile jiwe, akaketi akiitazama picha kupitia mlango wazi badala ya njia.

Kuanzia siku hiyo akawa anazungumza. Mtu akiingia kunywa chai, baba humwonyesha ukuta kwa kidevu: yule wa mbele kabisa ni jike jekundu, mkaidi, hanywi mpaka uimbe, nyuma yake ni bintiye. Huyo mchungaji hajala tangu jana lakini hana habari, maji yapo. Wateja waliovuka njia walianza kurudi, si kwa chai ya abti, ambayo haikuwa na sifa, bali kumsikiliza baba akiwataja ngamia wasioonekana. Mama alikuwa akipita mlangoni makusudi, anajifanya anatafuta kuku, ili asikie sauti yake.

Hapo ndipo afande akaja.

Alikuwa mtu wa bara, mgeni kwetu, ndiye mkubwa wa askari wa kizuizi kilichokuwa mwisho wa njia ile. Siku hiyo mimi sikuwepo, nilikuwa nimekwenda mtoni kuchota maji. Abti alimpokea peke yake, kwa Kiswahili, maana ukizungumza Kisomali mbele ya askari walidhani unawatukana, na mara nyingine walikuwa hawajakosea. Niliporudi nilimkuta abti anang'aa uso.

"Afande ameipenda picha," akaniambia kwa lugha yetu. "Ameisogelea kabisa. Amepitisha kidole kwenye fimbo, kutoka huku hadi huku, akasema: futa."

"Amesema hivyo?"

"Futa. Nimemwambia, ndiyo afande, atafuta leo leo."

Ndimi za kwetu, kama hamjui, hazina ve. Tunaiazima fe, kama pe tunavyoiazima be, na maisha yanaendelea. Tangu utoto wangu nilimsikia abti akitumia neno hilo kwa maana moja tu. Kisimani alipiga kelele, "Futa kamba! Futa!" Alifuta sigara, alifuta kiti akaketi, alifuta mlango nyuma yake. Basi niliposikia afande amepitisha kidole kwenye fimbo akasema hivyo, nilielewa kama mtu yeyote wa ukoo wetu angeelewa. Nikafungua kopo, nikaivuta ile fimbo. Niliirefusha huku na huku hadi karibu na dirisha, na nikasema moyoni, alhamdulillahi, kumbe yuko mkubwa mmoja mwenye jicho la kuona.

Afande aliporudi nilikuwepo. Sijawahi kuona uso ukibadilika upesi hivyo.

"Mzee, nilikuambia nini juu ya hii bunduki?"

"Bunduki hakuna, afande, wallahi. Hii ni fimbo."

"Nilikuambia ufute!"

"Amefuta, afande!" abti akasema, kwa fahari ya mtu aliyetii. "Tazama bicha. Imekuwa refu kabisa!"

Askari wake walimchukua abti palepale, na aproni yake kiunoni. Nikajaribu kueleza, nikasukumwa. Mama alinijia juu kama kwamba mimi ndiye niliyemfunga kaka yake pingu, na baba akainuka kwenye jiwe akaketi tena, hana la kufanya.

Nikaenda kituoni. Huko nikajikuta, mbele ya askari wenye bunduki, nikifundisha matamshi. Nikaeleza tofauti ya kuvuta na kufuta, na ya ulimi wa abti na ulimi wa afande. Afande alinisikiliza kwa makini, kisha akaagiza abti aletwe.

"Sema vita," akamwambia.

"Fita."

"Sema vitu vyangu viko wapi."

"Fitu fyangu fiko wabi."

Wakacheka hadi mmoja akashika ukuta. Walimtamkisha neno baada ya neno, mtu mzima, mwenye ndevu zenye mvi, mwenye hoteli yake, na kila neno walicheka upya. Mimi nilisimama nimeuma meno, maana kicheko hicho ndicho kilichokuwa kinamtoa. Na kikamtoa kweli. Afande alijifuta machozi akasema mzee aende zake, lakini kile kitu mabegani mwa mtu yule kiondoke kabla ya jua kuchwa, na safari hii kiondoke kwa maana ya Kiswahili sanifu. Tulipofika hotelini abti alinikabidhi ndoo ya chokaa.

Nikaifuta fimbo. Nilikuwa na hasira kiasi cha kutotazama ninachofanya. Nilipaka chokaa upande wa kulia, nikapaka upande wa kushoto, nikapaka kile kipande cha nyuma ya shingo na kurekebisha rangi ya nguo. Nikashuka kwenye benchi, nikarudi nyuma hatua chache ili nione kama chokaa imeshika.

Mikono ilikuwa imebaki juu. Sikuwa nimeifikiria mikono. Ilikuwa imeinuka huku na huku hadi usawa wa mabega, viganja vimelegea, na chini yake hapakuwa na kitu. Mtu wangu, aliyekuwa akiwatazama ngamia wake wakinywa, sasa alikuwa ameelekezwa ukutani ameinua mikono, vilevile wanaume wa mji ule walivyosimamishwa kila siku wakapekuliwa. Nililaani kwa lugha zote nilizonazo. Nikashika brashi niishushe ile mikono, lakini afande alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

Alimtazama mtu wangu kuanzia kilemba hadi miguu.

"Hapo sasa," akasema. "Hapo ni mwananchi mzuri. Acha hivyo hivyo. Mtu asimguse tena."

"Afande, mikono yake..."

"Mikono yake ina nini?"

Hadi leo sijui kama aliona au hakuona. Nimemfikiria mtu yule miaka na miaka, nikimfokea kichwani, na bado sijui. Nikasema, "Hakuna, afande."

Wateja, wao, waliona mara moja. Walewale waliokuwa wamenipangia mabega na nywele sasa walinitolea macho. Umetuchora tunajisalimisha! Umelipwa na nani? Mmoja alitema mate mlangoni. Nikawaambia waende kwa afande wakamtemee yeye. Hakwenda hata mmoja, bila shaka; wote walivuka njia, wakaenda kunywa chai chini ya ngamia mwenye shingo ya mbuni. Abti alitaka kuupaka ukuta wote chokaa na kusahau, lakini aliogopa, amri ilikuwa mtu asimguse. Akawa anafukiza moto jikoni asimwone, na kila alipopita karibu yangu alisonya.

Na baba akaligeuza jiwe lake likaelekea njia. Akanyamaza tena. Hilo ndilo lililonikata maini kuliko matusi yote. Nilimletea chai akaiacha ikapoa. Mama aliacha kutafuta kuku.

Ikapita hivyo, hadi asubuhi moja baba akaja ameshika misumari miwili iliyopinda, ya sanduku la majani ya chai, na jiwe. Hakutuuliza. Akapanda kwenye benchi, yeye mzee mzima, akagonga msumari mmoja upande huu wa shingo ya mtu wa ukutani na mwingine upande ule, chokaa ikamwagika. Kisha akachukua fimbo yake mwenyewe, iliyolainika kwa jasho la mikono yake, akailaza juu ya misumari. Ikakaa barabara. Mikono iliyokuwa imejisalimisha ikawa imening'inia juu ya fimbo tena, na mtu yule akawa hana hofu na mtu yeyote. Baba akashuka, akaketi ndani, akaagiza chai kwa sauti.

Nilicheka, nikataka kulia, na juu ya yote nikakasirika, kwamba mimi mwenye brashi sikuwa nimeliwaza hilo.

Afande aliletewa habari, akaja. Alisimama chini ya fimbo.

"Nani ameweka hii?"

Kiswahili cha baba kilikuwa cha sokoni, maneno ya kuuza na kununua. Aliyatafuta aliyonayo.

"Mimi," akasema. "Mimi nakunywa chai. Fimbo nabumzika."

Afande aliishusha akaipima mkononi. Ilikuwa fimbo. Akatazama misumari, ilikuwa misumari. Hapakuwa na rangi iliyoongezwa, na mtu wa ukutani hakuwa ameguswa. Akaitundika ilipokuwa, akatoka. Abti akatoka jikoni macho mekundu kwa moshi, akamjazia baba kikombe cha pili bila kuombwa, na baba akaanza polepole kumweleza kwamba yule jike jekundu leo anakunywa vizuri.

Alipomaliza chai akainuka, akaaga, akatoka. Fimbo akaiacha.

Nikadhani amesahau, nikamkimbilia mlangoni. "Aabo, fimbo yako!"

"Iache."

"Utatembeaje?"

"Nikiichukua, atabaki vile tena."

"Aabo, ni rangi tu ile!" Nilimpigia kelele, nakiri, nilikuwa nimechoka na kila mtu. "Ni rangi ya malori juu ya udongo!"

Akanitazama. "Kama ni rangi tu," akasema, "mbona walimkamata shemeji yangu?"

Akageuka akashika njia ya nyumbani, ile iliyopita kwenye kizuizi. Nikabaki mlangoni namtazama mgongo wake. Alitembea vibaya, mikono inamsumbua, mara aikunje, mara aiache. Halafu, alipokaribia kizuizi, mazoea ya maisha yake yote yakamshinda na mikono ikapanda yenyewe hadi mabegani, kulia na kushoto, ikitafuta pa kulala. Haikupata kitu. Ikabaki hapohapo juu, viganja vimelegea, naye akaendelea kwenda.

Askari walimwona kwa mbali. Mmoja akashusha bunduki, akamfanyia ishara ya kupita. Tangu aletwe mjini, ilikuwa mara ya kwanza kumwacha apite bila kumpekua.